Mnyama Wetu Alalie Nini: Mpira au Sponji?

Somo la kusomwa na kujadiliwa katika mkutano wa kikundi



Wazee walisema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Maana yake sote twaijua: mwenye shida hukimbilia nyumbani kwao. Lakini leo tunauliza swali jingine. Je, kama ni zizi lenyewe lililomvunja guu, atarudi wapi?

Tunauliza hivyo kwa sababu tukitembelea vikundi vya upande wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Kawangware na Riruta, Waithaka na Mutuini, mpaka kule Kikuyu, tunakuta wanyama wengi wanaolishwa vizuri na kulazwa vibaya. Mama anaamka saa kumi na moja kukata majani, anatafuta unga wa maziwa kwa mkopo, halafu ng'ombe analala juu ya mawe na matope. Kile alichokula kinapotea sakafuni.

Somo hili linahusu kitanda cha mnyama. Wengi wetu tuna ng'ombe wa gredi mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Wengine tuna punda wa mkokoteni. Na wako wanachama wetu, hasa wa Ng'ando na Kawangware, ambao ni masaisi. Wanatunza farasi wa watu kule Karen na Langata, au kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road uliofunguliwa mwaka wa 1954. Wanyama hawa watatu si sawa, lakini swali la mwenye banda ni lile lile: ninunue mkeka wa mpira, au nitandike sponji?

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kikundi kiweze:
1. Kueleza kwa nini mnyama anahitaji mahali pakavu na laini pa kulala.
2. Kutofautisha sponji inayokunywa maji na ile isiyokunywa.
3. Kupima mkeka kabla ya kutoa pesa.
4. Kupiga hesabu ya miaka, si ya siku moja.

TULIVYOKOSEA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama upande wa Dagoretti kilikuwa kimeweka akiba karibu mwaka mzima. Walikuwa na ng'ombe watano kati yao, kila mmoja kwenye banda lake, na sakafu zote za simiti tupu. Magoti ya wanyama yalikuwa yamechubuka mpaka manyoya yameisha. Kijana wa mama mmoja alikuwa saisi. Akasema kazini kwao farasi wanalalia mikeka mizito ya mpira. Kikundi kikauliza bei kikashtuka.

Basi tukashauri kitu rahisi. Tulikuwa tumeona vipande vya sponji vilivyobaki baada ya kukatwa magodoro, vinauzwa kwa bei ya chini sana. Tukasema: vifunikeni kwa nailoni nzito, vitatosha. Akina mama walicheka siku ile. Mmoja akasema, "Mwalimu, watoto wangu wawili wanalala kwa gunia, na leo ng'ombe ananunuliwa godoro!" Lakini walitutegemea, wakanunua.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa furaha. Ng'ombe walilala mchana kutwa wakicheua. Wiki ya tatu mvua ya Aprili ikakaza. Nailoni ilikuwa imetobolewa na kwato, mkojo ukaingia ndani, na sponji ikaunywa wote. Kwa juu palionekana pakavu. Mnyama akilala, uzito wake unakamua ule uchafu unatoka kama maji ya kitambaa, na kiwele kiko pale pale. Ng'ombe wa yule mama aliyechekesha ndiye aliyeanza. Robo moja ya kiwele ilivimba ikawa ngumu na ya moto, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo alifika, akatibu, lakini chuchu ile haikurudi tena. Karo ya muhula ule ilitegemea chuchu nne, ikabidi itoke kwa tatu.

Yule mama hakutulaumu. Alituambia tu, "Mwalimu, siku nyingine muulize kwanza." Tangu hapo tumekuwa tukiuliza. Haya tunayoandika ndiyo tuliyojifunza kwa kuuliza.

KULALA NI KAZI YA MNYAMA

Ng'ombe wa maziwa mwenye kitanda kizuri hulala karibu saa 12 kwa siku, wengine mpaka 14. Si uvivu. Akilala anacheua, na damu nyingi zaidi inapita kwenye kiwele, na maziwa hutengenezwa kutokana na vitu vinavyoletwa na damu. Ng'ombe anayesimama kutwa kwa kuogopa sakafu anakunyima maziwa bila kukusudia, na kwato zake zinachoka na kuoza.

Tena angalia namna anavyolala. Anakunja miguu ya mbele, anaanguka kwa magoti, halafu mwili wote unafuata. Hufanya hivyo mara kumi hivi kwa siku. Kama huamini kwamba simiti inaumiza, nenda bandani, simama wima, kisha jiangushe kwa magoti. Ukisita kufanya hivyo, ng'ombe wako naye anasita.

Farasi ni tofauti kidogo. Anaweza kusinzia akiwa amesimama, maana miguu yake ina namna ya kujifunga isikunjike. Kwa hiyo wengine hudhani hahitaji kulala chini. Sivyo. Usingizi mzito kabisa anaupata akiwa amelala chini, na anahitaji angalau nusu saa hivi kila siku. Farasi anayeogopa kulala hatimaye huchoka, akaanguka ghafla akiwa amesimama na kuumia magoti. Masaisi wazoefu wanajua kutazama asubuhi: kama kuna maranda kwenye mkia na ubavuni, farasi alilala.

Punda naye husahauliwa. Manyoya yake hayazuii mvua vizuri kama ya farasi, na kwato zake hunyonya unyevu haraka, zikawa laini na kuoza. Punda anayefungwa usiku kwenye matope mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiuma, kesho hawezi kuvuta madebe ya maji. Kwa punda jambo la kwanza si ulaini bali ukavu.

VITU VYENYEWE

(a) Mkeka wa mpira. Huu ni mzito na mgumu kiasi. Unaotumika sana kwenye mabanda ya farasi una urefu wa futi 6 na upana wa futi 4, na unene wa milimita 12 hadi 20. Wenye unene wa milimita 18 una uzito wa karibu kilo 45, kwa hiyo huchukuliwa na watu wawili. Uzito huo ni faida: hausogei ovyo mnyama akigeuka. Haunywi maji, unastahimili kwato na viatu vya chuma, na ukitunzwa hudumu miaka mingi. Ubaya wake ni bei, na kwamba peke yake si laini sana. Wakati wa baridi unashika ubaridi wa sakafu.

(b) Sponji ya godoro. Ndiyo ile iliyotuponza. Ukiitazama ina vijishimo vilivyounganika, hewa inapita na maji yanapita. Inakunywa mkojo na kuuweka. Huwezi kuiosha ikaisha uchafu. Kwa banda la mnyama haifai ikiwa wazi, na nailoni ya kawaida si kifuniko.

(c) Sponji ya malapa. Hii ni jamii ile ya soli za malapa, na ile ya mikeka ya rangi ambayo watoto huchezea ikiungana kama meno. Ndani yake kuna mapovu madogo sana, kila povu limefungwa peke yake. Ndiyo maana malapa huelea juu ya maji wala hayalowi ndani. Siku hizi mikeka minene ya aina hii hutengenezwa kwa mabanda ya farasi. Ni myepesi, mtu mmoja anaubeba, ni laini zaidi kuliko mpira, na ina joto. Ubaya wake: farasi mwenye viatu vya chuma huikata, farasi mwenye tabia ya kuguguna huila pembeni, na kwa sababu ni myepesi maji yakiingia chini huinuka. Tena usichanganye: ule mwembamba wa watoto hauwezi kubeba ng'ombe.

(d) Godoro la ng'ombe. Hili ni la tabaka mbili. Ndani kuna vipande vya mpira uliosagwa au sponji, na juu kuna karatasi nzito ya mpira iliyofungwa kila upande. Hapa sponji inafaa, kwa sababu haikutani na mkojo. Siri yote iko kwenye kile kifuniko. Kikichanika, rudi kwenye habari ya akina mama wa Dagoretti.

(e) Mpira uliotumika. Fundi wetu hawakosi akili. Ukienda Kariokor utaona tairi kuukuu zikigeuka kuwa akala. Kuna pia mikanda mipana ya mpira iliyokuwa ikisafirisha mizigo viwandani, inayokatwa na kuuzwa kwa mita. Hii inaweza kuwa msaada mkubwa kwa kikundi, lakini ina hatari tatu. Kwanza, tairi na mikanda mingine ina nyaya za chuma ndani, na pale ilipokatwa nyaya hutokeza zikachoma kwato na kiwele. Pili, mikanda mingi ni laini kwa juu na ikiloa inateleza kama sabuni, hivyo lazima ichongwe mifereji. Tatu, uliza mkanda ulikuwa unabeba nini. Kama ulibeba dawa au kemikali, uache huko huko.

(f) Matandiko matupu. Tusisahau ya zamani: maranda, vumbi la mbao, majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Yakiwa mengi, makavu na yakibadilishwa, mnyama hana haja ya mkeka. Hatukusudii kumuuzia mtu mpira kama ana mbao karibu.

MAJARIBIO MANNE KABLA YA KULIPA

Msinunue kwa kuambiwa. Mwombeni mwenye duka kipande kidogo, hata cha kiganja, mkafanye majaribio haya mbele ya kikundi.

1. Jaribio la beseni. Pima kipande kwa mizani ya duka. Kitumbukize kwenye beseni la maji, kikamue chini ya maji mara kumi, kiache usiku kucha. Asubuhi kipanguse na ukipime tena. Kama kimekuwa kizito, kimekunywa. Kikatae.

2. Jaribio la goti. Weka kipande juu ya simiti, kipige goti polepole, kisha kwa uzito wote. Kama unahisi simiti ikikugonga, ni chembamba mno au kigumu mno.

3. Jaribio la kwato. Chukua ncha ya msumari mnene au kiatu kikuukuu cha farasi, bonyeza kwa nguvu na kuzungusha. Kinachobonyea kikarudi ni kizuri. Kinachochanika au kubaki na shimo hakitafika Krismasi.

4. Jaribio la utelezi. Mwagia maji yaliyochanganywa na kinyesi, maana bandani hakuna maji safi. Kanyaga kwa kiatu kilichoisha soli. Ukiteleza wewe mwenye miguu miwili na akili ya kujishika, ng'ombe mwenye mimba atafanyaje?

KILA MNYAMA NA CHAKE

Ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 1980 mradi wa taifa wa maendeleo ya maziwa, uliosaidiwa na Uholanzi, ulifundisha wakulima wengi wa Kenya kufuga bandani na kumpa kila ng'ombe kitanda chake. Kipimo ambacho wengi bado wanakitumia kwa ng'ombe mkubwa ni futi 7 kwa futi 4. Mkeka mmoja wa futi 6 kwa 4 unatosha hapo. Uanzie nyuma, kwenye ukingo, na ile futi moja inayobaki mbele ijazwe udongo ulioshindiliwa. Kwa ng'ombe tunashauri mpira, au godoro lililofungwa sawasawa, na juu yake vumbi kidogo la mbao kavu.

Farasi. Chumba cha futi 12 kwa 12 ni futi za mraba 144. Mkeka mmoja ni futi za mraba 24. Gawanya: mikeka 6, mistari miwili ya mitatu mitatu, inajaa ukuta hadi ukuta. Farasi mwenye viatu vya chuma apewe mpira. Farasi mzee, mkonda, au mwenye vidonda vya kulala anafaidika na sponji ya malapa iliyo nene, hasa kama hana viatu. Kwa vyovyote vile farasi atiliwe maranda pia, walau pale anapokojoa. Farasi wengi hawapendi kukojoa juu ya kitu kigumu kitupu kwa sababu mkojo unawarukia miguuni. Wanaubana, na hiyo si afya.

Punda. Maramu iliyoshindiliwa na kuinuliwa kuliko kiwanja, paa lisilovuja, na majani makavu mengi. Kama mna kipande cha mpira kilichobaki, kiwekeni mlangoni panapokanyagwa sana. Hapo ndipo matope huanzia.

HESABU YA MIAKA

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tuone kwa hesabu. Takwimu hizi ni za kufundishia tu, ninyi wekeni bei za kwenu.

Tuseme ng'ombe mmoja kwenye simiti tupu anatumia magunia 3 ya vumbi la mbao kwa wiki, kila gunia shilingi 100. Kwa wiki ni 300. Kwa wiki 52 ni shilingi 15,600.

Tuseme akiwa na mkeka wa mpira anatumia gunia 1 kwa wiki. Kwa mwaka ni 5,200. Umeokoa 10,400. Kama mkeka pamoja na usafiri na misumari ya nati umegharimu 12,000, utarudisha pesa yako kwa miezi 14 hivi. Miaka inayofuata ni faida.

Sasa tuseme umetandika vipande vya sponji vya shilingi 2,000, na kila baada ya miezi miwili unatupa kwa kuwa vimeoza. Mara 6 kwa mwaka ni 12,000. Ni bei ile ile ya mkeka wa mpira, ila mwisho wa mwaka huna mpira, huna sponji, na hatujahesabu daktari.

Lakini kama una seremala jirani anayekupa maranda bure, hesabu inageuka. Pale Ngong Road, karibu na uwanja wa mbio, mafundi wa fanicha wako wengi, na baadhi ya vikundi huenda na mkokoteni kuchukua maranda. Hapo pengine pesa ya mkeka iende kwenye kurekebisha paa. Kagueni tu misumari, na msichukue ya mbao zilizopakwa dawa au rangi, wala yaliyoloa na kuota ukungu. Vumbi la mbao likiwa limeloa huzalisha vijidudu vya kiwele, na ukungu wake humuumiza farasi kifua.

KUTANDIKA

Mkeka haurekebishi sakafu mbovu. Ukitandika juu ya mashimo, utapata mashimo yenye mkeka. Fuateni utaratibu huu:

- Simiti iwe imekauka na kukomaa. Iloweshwe maji kwa siku 7 baada ya kumwagwa, ndipo ianze kupata nguvu.
- Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji. Pimeni kwa kamba na pima-maji, si kwa macho.
- Kwa ng'ombe, mkeka ufungwe kwa nati upande wa kichwa, vichwa vya nati vizamishwe visichubue.
- Kwa farasi msifunge nati. Mikeka ikae kwa kubanana, mkiacha nafasi ya kidole ukutani kwa sababu mpira hutanuka wakati wa joto.
- Mkeka mpya unaweza kuwa na harufu kali. Uachwe nje siku chache kabla ya kutandikwa.

USAFI WA KILA SIKU

Ng'ombe mmoja mkubwa anaweza kutoa lita 10 hadi 20 za mkojo kwa siku, wengine zaidi. Zile lita lazima ziende mahali. Mkojo ukikaa hutoa hewa ya amonia, ile inayowasha macho. Ukiingia bandani usinuse ukiwa umesimama. Piga magoti, unuse pale pua ya mnyama aliyelala inapofika. Ukilia machozi wewe kwa dakika moja, yeye amelala hapo usiku kucha.

Kwa hiyo: ondoeni kinyesi asubuhi na jioni, badilisheni vumbi lililoloa, na mara moja kwa mwezi inueni mkeka, osheni chini yake, na kuuanika. Baada ya kukamua mpeni ng'ombe chakula ili asimame kama nusu saa, kwa maana mlango wa chuchu huwa bado wazi. Akilala mara moja, uchafu wa kitandani unaingia. Na akipata ugonjwa wa kiwele, iteni daktari mapema. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibiotiki yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizotaja daktari ziishe.

Wanaofuga ndani ya mji wakumbuke pia jirani. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka wa 2015, ya kukikuza na kukisimamia. Ukulima wa mjini si wizi tena, lakini mkojo wa ng'ombe ukiingia kwa jirani hapo umempa haki ya kukushtaki. Kinyesi na matandiko ya zamani yafanywe mbolea ya shamba la mboga la kikundi.

SWALI GUMU

Hatutaki kufunga somo bila kugusa jambo ambalo hutokea kila tunapofundisha. Saisi mmoja alisimama katika mkutano akasema: "Wazee na akina mama, mimi natandika mpira mzuri wa farasi kila asubuhi. Jioni narudi kwangu, nalala juu ya katoni. Nifundisheni na hilo."

Watu walinyamaza. Hatukuwa na jibu la haraka, na hata leo hatulifanyi kuwa jepesi. Mnyama hakumnyang'anya saisi kitanda. Mnyama amelazwa vizuri kwa sababu mwenye mali amepiga hesabu akaona inalipa. Na sisi tumesema hapa hesabu hiyo hiyo kwa ng'ombe. Lakini mtu hapaswi kusubiri mpaka hesabu imwonyeshe kuwa analipa ndipo alazwe vizuri. Mzee mmoja alimjibu vyema: "Kijana wangu, farasi alisemewa na mwenyewe. Wewe tutakusemea sisi." Kikundi kile kikaanza mzunguko wa magodoro, kila mwezi nyumba mbili. Ng'ombe wakapata mikeka yao mwaka uliofuata, na hakuna aliyecheka tena.

KAZI YA KIKUNDI

Kwa siku 7, kila mwenye mnyama aweke daftari. Mchana, saa moja au mbili baada ya kulisha, aende polepole bandani na kuandika:
- Mnyama amelala, amesimama, au amesimama nusu ndani nusu nje ya kitanda?
- Magoti na vifundo vya nyuma vina manyoya, vimechubuka, au vimevimba?
- Kiwele na mapaja ni safi au yamejaa uchafu?
- Kitanda ukikibonyeza kwa kiganja kwa sekunde kumi, kiganja kinatoka kikavu au kimeloa?

Ng'ombe anayesimama nusu nusu, au anayelala njiani badala ya kitandani, anakuambia kitanda hakimfai. Leteni daftari kwenye mkutano, mlinganishe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mabanda yetu, ni lipi linaloanza kuharibu: unyevu, ugumu au uchafu? Tuanze na lipi kabla ya kununua chochote?
2. Vumbi la mbao au majani makavu yanapatikana wapi karibu nasi, na kwa bei gani?
3. Kama tukinunua mikeka kwa pamoja, nani atangulie kupata, na kwa kanuni ipi?
4. Tumewahi kushauriwa kitu rahisi kikatugharimu? Tulijifunza nini?
5. Katika nyumba za wanachama wetu, nani analala vibaya kuliko ng'ombe? Tutamsemea vipi?

Wanaohitaji ushauri zaidi wamwone afisa wa mifugo wa wadi yao. Wenye punda na farasi wanaweza pia kuwauliza watu wa KSPCA kule Karen, chama cha kutunza wanyama. Na mkiwa na masaisi katika kikundi, wapeni nafasi ya kufundisha. Wanajua mengi kuliko sisi tuliosoma.

Kumbukeni kwa ufupi: kwanza pakavu, pili laini, tatu pa kudumu. Na kabla ya kutoa pesa ya kikundi, tumbukizeni kipande kwenye beseni.